Fimbo ya kasi au ya taratibu? Kwa anayetaka kuvua kwa nzi kwenye Nile yetu

Nina fimbo mbili za kuvulia kwa nzi, zimeegemea ukuta nyuma ya mlango wangu hapa Jinja. Moja ni ya kaboni, nyeusi, nyepesi. Ukiitikisa, ncha hutetemeka mara moja ikatulia. Ya pili ni ya faibaglasi, rangi ya asali, nzito kidogo. Ukiitikisa inanepa mpaka mkononi na haiachi upesi. Kila anayekuja kuniuliza anunue fimbo ya namna gani hushika ile nyeusi kwanza, akaitikisa hewani, akatabasamu kama aliyeshika upanga. Ile ya asali huishika kwa adabu tu, kwa kuwa ipo.

Mimi mwenyewe nilianza hivyo hivyo. Imenichukua miaka kubadili mawazo, na hata sasa sijayabadili yote, kwa hiyo usitegemee hapa maneno ya refa asiye na timu.

Kwa ambaye hajawahi kuuona uvuvi huu: sisi wengi tumekulia kwenye ndoana, chambo na risasi. Unarusha risasi, uzi unafuata. Kwenye nzi mambo yamegeuzwa. Nzi ni manyoya na nyuzi zilizofungwa juu ya ndoana, hana uzito wa kumfikisha popote. Kinachorushwa ni mshipi wenyewe, ambao ni mnene na umepakwa plastiki, na nzi anakokotwa nyuma yake. Unautupa kwanza nyuma yako, fimbo inabebeshwa uzito wa mshipi huo ukiwa hewani, inapinda, kisha inanyooka na kuutupa mbele. Kasi na taratibu ni habari ya fimbo inapinda wapi, na inarudi kunyooka upesi kiasi gani.

Ya kasi hupinda upande wa juu tu, kama theluthi ya kuelekea nchani, na kuanzia hapo kushuka ni ngumu. Ya taratibu hupinda yote, kuanzia ncha hadi karibu na mpini. Kati yao kuna za wastani, ambazo watu wanazisahau kwa sababu hazina sifa za kupigia kelele.

Kwanza tuondoe namba njiani

Juu kidogo ya mpini utaona namba: 5, 8, 10. Hiyo ni namba ya mshipi unaoifaa fimbo, na haihusiani na kasi hata kidogo. Namba 8 inaweza kuwa ya kasi, inaweza kuwa ya taratibu. Nimemwona mtu amekuja na namba 5 ya kasi kwa ajili ya sangara wa maporomoko ya Murchison, kwa sababu muuzaji alimwambia "hii ni kali". Ni kali, sikatai. Ni kali kwa samaki wa kilo moja.

Namba hizi zilipangwa na watengenezaji wa Marekani zamani, na zimekuwa zikitumika tangu mwanzoni mwa miaka ya 1960. Zinaeleza uzito wa futi 30 za mbele za mshipi, yaani mita tisa na kidogo. Mshipi wa namba 5 ni greni 140, kama gramu 9. Namba 8 ni greni 210, gramu 13.6. Namba 10 ni greni 280, gramu 18. Zishike hizo mita tisa kichwani, maana sehemu kubwa ya ugomvi wa kasi na taratibu inatoka hapo.

Mita tisa ambazo hatuzirushi

Fimbo ya namba 8 imetengenezwa ikitarajia kubebeshwa gramu 13 na ushei, mita tisa za mshipi zikiwa hewani. Sasa wewe umesimama juu ya mwamba, na povu ambalo samaki anajificha chini yake liko mita sita kutoka miguuni pako. Ukitoa ule uzi mwembamba wa mbele, ambao kwa kawaida unalingana na urefu wa fimbo, mshipi uliobaki nje ya ncha ni kama mita tatu. Uzito wake ni theluthi ya ule uliotarajiwa, au pungufu, kwa kuwa upande wa mbele wa mshipi huwa mwembamba.

Fimbo ya taratibu hainuni kwa hilo. Ncha na kiuno chake vinapinda hata kwa uzito mdogo, na vikinyooka vinapeleka. Fimbo ya kasi inabaki imesimama. Unapunga mkono, yenyewe haijui kama umeibebesha kitu.

Niliyaona haya chini ya maporomoko ya Murchison, pale ambapo Nile nzima inabanwa kwenye upenyo wa mita kama saba na kuanguka zaidi ya mita 40. Nilikuwa msaidizi kwenye boti ya wageni wawili kutoka Nairobi. Mmoja alikuwa na fimbo ya kasi ya namba 10, mpya, plastiki ya kiwandani bado imeng'ang'ania mpini. Samaki walikuwa wakipiga kwenye ukingo wa povu, karibu kabisa, mita sita au saba. Bwana yule alirusha mara ya kwanza, mshipi ukaanguka kama kamba ya nguo iliyokatika. Akarusha kwa nguvu zaidi. Ukaanguka vilevile, ila sasa kwa kelele. Mara ya kumi hivi jasho lilikuwa linamtoka kwenye kidevu, na nzi amejinasa kwenye kofia yake mwenyewe.

Mwendesha boti wetu, mzee aliyekulia ng'ambo ya Ziwa Albert, anayesema Kiswahili cha Kongo, alikuwa ameegemea injini akitafuna muwa. Akasema, "Patron, fimbo yako iko inalala. Uiamushe."

Mgeni hakupenda. Lakini mzee alikuwa amesema jambo lililo sawa kabisa, na hajawahi kushika fimbo ya nzi maishani mwake. Kesho yake asubuhi tulimfungia mshipi wa namba 11 kwenye ile ile fimbo ya 10. Uzito ukaongezeka, fimbo ikaamka, na mita saba zikafikika. Ni ujanja wa kawaida kwa wanaovua karibu na fimbo za kasi: panda namba moja ya mshipi. Na siku hizi kampuni nyingi zinatengeneza mishipi mizito kuliko namba iliyoandikwa kwenye boksi, kwa sababu fimbo za kasi zimejaa sokoni na watu wanalalamika hazipindi. Kwa hiyo kabla ya kupanda namba, geuza boksi usome greni. Ukipanda juu ya mshipi ambao tayari umepandishwa, utakuwa unarusha waya wa umeme.

Kuna la ziada kuhusu Murchison. Huingii majini pale. Mamba wa upande ule wanajulikana, na viboko nao hawana subira. Unavua ukiwa kwenye boti au umesimama nyuma kidogo ya ukingo, na mara nyingi mgongoni una mwamba au vichaka. Hapo mrusho wa nyuma hauna pa kwenda. Inabidi ubingirishe: mshipi uko juu ya maji mbele yako, unainua fimbo polepole mpaka mshipi ufanye tumbo kando yako, kisha unaisukuma mbele na mshipi unajikunjua juu ya maji kama mkeka. Fimbo inayonepa mpaka chini inafanya kazi hii kwa raha. Ya kasi inaifanya pia, lakini inataka mkono unaojua.

Upepo ukiamka

Mpaka hapa utadhani nataka uende ukanunue faibaglasi. Subiri saa tisa alasiri.

Sisi wa kando ya Ziwa Victoria tunajua ratiba ya upepo. Asubuhi maji ni kioo. Nchi kavu ikishapata jua la kutosha, upepo unaanza kutoka ziwani kuja bara, na alasiri unakupiga usoni. Chukua fimbo yangu ya asali saa hiyo, rusha mita kumi na tano kuelekea ziwani. Mshipi unatoka ukiwa na kitanzi, yaani mkunjo wake hewani, kipana kama mlango, upepo unaingia humo kama unavyoingia kwenye tanga, na nzi anakurudia miguuni. Nimeshawahi kumtoa nzi sikioni mwangu hapo, na nilikuwa peke yangu, kwa hiyo shukrani kwa boda aliyekuwa akipita.

Fimbo ya kasi hapo ndipo inapopata heshima yake. Ncha inarudi upesi, kitanzi kinatoka chembamba, mshipi unakwenda kwa mbio na kuchoma upepo. Ukijua pia kuuvuta mshipi kwa mkono wa kushoto wakati wa kurusha, mara moja nyuma na mara moja mbele, kasi inaongezeka tena. Mita ishirini na kitu dhidi ya upepo, kwa ile nyeusi, nazipata. Kwa ile ya asali sizipati, ingawa kuna watu wenye mikono ambao wangezipata. Kitanzi chembamba kinatengenezwa na mkono kabla ya fimbo, na fundi anaweza kukitoa hata kwenye mwanzi. Mimi si fundi huyo, na sidhani wewe unayesoma ulinganisho ili uchague fimbo ya kwanza ni fundi huyo.

Pamoja na upepo weka uzito wa nzi. Nzi wa sangara ana urefu wa kiganja na vidole, na akilowa anabeba maji kama sponji. Wengine wana macho ya risasi ili wazame. Fimbo ya taratibu ikibebeshwa kitu hicho inapinda mpaka mpini, halafu inakawia kurudi, na nzi anapita karibu na kichwa chako kwa mwendo ambao unakupa muda wa kutubu.

Kuvunjika

Ile nyeusi iliyo nyuma ya mlango si nyeusi yangu ya kwanza. Ya kwanza iliisha hivi. Nilikuwa narusha nzi mwenye macho ya risasi kwenye mawe ya karibu na Kalagala, kwenye Nile chini ya Jinja, nikachelewa kidogo kwenye mrusho wa mbele, nikasikia "tk". Sauti ndogo, kama kucha kwenye bilauri. Nikatazama fimbo, sikuona kitu, nikaendelea. Wiki kadhaa baadaye nilikuwa nimemleta kisinja, samaki wa mikondo ya Nile yetu, wa kilo tatu hivi mpaka kando ya mwamba. Nikafanya kosa ambalo kila mtu anaonywa asilifanye: nikainua fimbo wima, mshipi mfupi, ili nimfikie kwa mkono. Ikakatika hasa pale palipolia "tk", vipande vya kaboni vikachanua kama ufagio. Kisinja akaondoka na ncha.

Kaboni ya fimbo za kasi ni ngumu na kuta zake ni nyembamba. Ndivyo wanavyopata wepesi. Inastahimili kupinda, lakini haistahimili jeraha dogo la risasi wala ncha kukunjwa kwa pembe kali. Faibaglasi inavumilia. Ile ya asali imelaliwa na mbwa, imebanwa na mlango wa taksi ya Kampala, na iko hai.

Ukiwa nchi ambako duka liko mtaa wa pili, haya ni usumbufu mdogo. Sisi kipande kinaagizwa nje. Niliyenunua kwake alikubali kunipa kipande kipya kwa dhamana, ila nilipie usafiri wa kwenda na kurudi pamoja na ushuru. Miezi mitatu ilipita. Msimu wangu mzuri nilivua na fimbo ya kuazima, na mwenyewe alinikumbusha kila jioni kwamba ni ya kuazima.

Samaki kwa samaki

Sangara, ambaye Waganda wanamwita mputa, hakuwamo Ziwa Victoria mpaka alipoletwa miaka ya 1950. Maporomoko ya Murchison yalikuwa yamemzuia chini, upande wa Ziwa Albert. Huko chini ndiko bado watu wanakwenda kumtafuta mkubwa. Rekodi ya dunia, kilo 104, ilitoka Ziwa Nasser kule Misri mwaka 2000, kwa hiyo fahamu unacheza na ukoo gani. Kwake usijiulize sana. Namba 10 hadi 12, ya kasi, au ya wastani inayoelekea kasi. Kazi kubwa ni mbili: kumpeleka nzi mzito, na kumwinua samaki kutoka kwenye maji yanayochemka. Fimbo inayonepa mpaka mpini haimwinui. Inapinda, yeye anakaa chini, na wewe unabaki kuangalia tao zuri la faibaglasi huku mkono unakufa ganzi. Ya kasi ina kiuno kigumu cha kumsukumia.

Ngassa, samaki mwenye meno nje kama misumari, wa Ziwa Albert na Nile ya chini, anataka kitu kingine. Mdomo wake ni mfupa. Ndoana haiingii kwa kuinua fimbo. Unaelekeza ncha kwake na kuvuta mshipi kwa mkono kwa nguvu, mara mbili, mara tatu. Ukisahau ukainua fimbo, ile ya taratibu inaumeza mshtuko wako wote na ndoana inateleza. Ya kasi inakusamehe kidogo. Namba 8 au 9, na kipande cha waya mbele ya nzi, la sivyo unamlisha manyoya bure. Anatema nzi mara nyingi hata ukifanya yote sawasawa. Usiilaumu fimbo.

Kisinja wa Nile ya hapa Jinja yuko katikati, na mimi ndiye nimpendaye. Anakaa kwenye mikondo kati ya mawe, anakula karibu na chini, na mirusho yake ni mifupi: mita tano, nane, kumi. Nzi anazama, unamsindikiza kwa ncha ya fimbo huku mkondo ukimshusha, na unasubiri mshipi usite. Akishika anakimbilia mkondo mkuu kama aliyesahau kitu nyumbani. Hapa fimbo ya wastani ya namba 7 au 8 inashinda zote mbili: inapinda kwa mrusho mfupi, na bado ina mgongo wa kumgeuza. Nimejaribu kwa ya asali, nilimpata, lakini nilimfuata nusu kilomita.

Ngege, yaani tilapia, ni wa fimbo ya taratibu, basi. Tangu bwawa la Bujagali lilipokamilika mwaka 2012, mahali palipokuwa na maporomoko pana maji yaliyotulia, na asubuhi na mapema, kabla ya upepo, ngege wanakuja kwenye kina kifupi kando ya majani. Ni samaki mwoga. Nzi akitua kwa kishindo, wametawanyika. Uzi wa mbele ni mwembamba sana, na ngege wa nusu kilo akiruka ghafla fimbo ngumu inaukata. Fimbo inayonepa inakuwa kama springi kati ya mkono wako na mdomo wake. Namba 4 au 5. Mshipi unajilaza juu ya maji, nzi anatua baada yake, na kwa sekunde moja hakuna kinachotokea. Sekunde hiyo kwangu ina thamani kuliko sangara wengi.

Wasomaji watakaoniuliza juu ya trauti: fimbo za taratibu zilizaliwa kwa ajili yake, kwenye mito ya baridi ya Ulaya na Marekani, wakati fimbo zote zilikuwa za mwanzi uliopasuliwa na kugundishwa. Faibaglasi ilikuja baada ya Vita Kuu ya Pili, kaboni miaka ya 1970, na kasi ikaja na kaboni. Ukitaka kumvua trauti bila kupanda ndege, vuka mpaka uende mito ya Aberdare au Mlima Kenya, alikoletwa tangu mwaka 1905. Vijito vile ni vyembamba na vimefunikwa na miti. Beba ya taratibu.

Mkono unaojifunza

Wauzaji wanasema anayeanza anunue ya kasi, kwa sababu atakua nayo. Sikubaliani, na ushahidi wangu ni mtoto wa dada yangu.

Alikuja likizo akiwa na miaka kumi na sita, akataka kujaribu. Nikampa ile nyeusi kwenye uwanja wa mpira. Kwa saa nzima alikuwa akichapa hewa. Fimbo ya kasi ina dirisha dogo: lazima usimamishe mkono mahali hasa, ungoje kiasi hasa, uende mbele. Ukiwahi nusu sekunde, kitanzi kinajikata chenyewe na uzi wa mbele unajifunga fundo. Tulifungua mafundo saba. Na fimbo haikumwambia kosa liko wapi, kwa sababu haikuwa inapinda vya kutosha hata aihisi.

Nikampa ya asali. Nikamwambia, "Rusha nyuma. Ngoja. Ukihisi inakuvuta, ndipo uende." Mara ya tatu akasimama katikati ya mrusho, mshipi ukaanguka begani mwake, akacheka. "Mjomba, naisikia!" Alikuwa amehisi uzito wa mshipi ukiipindisha fimbo mpaka kwenye kiganja. Baada ya hapo sikuwa na la kumfundisha mchana ule. Alipoirudia ile nyeusi siku ya tatu, mkono ulikuwa tayari unajua kitu cha kutafuta.

Ya taratibu inalazimisha subira, kwa hiyo makosa yake yanaonekana polepole na yanasahihishika. Ubaya wake ni kwamba inaweza kukulea vibaya: mtu anazoea mrusho mpana wa mkono mzima, na akishika ya kasi anaipiga kama anatwanga. Mwalimu anaweza kulizuia hilo. Wengi wetu hatuna mwalimu, tuna video na uwanja.

Mambo madogo yanayoamua

Usafiri. Fimbo nyingi za siku hizi, za kasi au za taratibu, zina vipande vinne na zinaingia kwenye bomba fupi unalolibeba mgongoni kwenye boda. Faibaglasi za zamani zina vipande viwili. Ya futi nane inakupa mirija miwili ya mita 1.2, na boda akikata kona ya soko unajikuta unawachapa wapita njia.

Mshipi. Hili linawaumiza wengi na halitajwi dukani. Kuna mishipi ya maji baridi na ya joto. Ule wa baridi kwenye jua la Murchison unalegea, unanata kwenye vipete vya fimbo, hautoki. Mtu anadhani fimbo yake ya kasi ni mbovu. Tafuta ulioandikwa kuwa ni wa nchi za joto, hata kama fedha inayobaki kwa fimbo itapungua. Fimbo ya bei ya chini yenye mshipi sahihi inaishinda ya bei kubwa yenye mshipi unaonata.

Mtumba. Ukiuziwa fimbo isiyo na maandishi, funga mfuko mdogo wa sarafu kwenye ncha, ishike mlalo mpini ukiwa umebanwa mezani, uangalie inapinda kuanzia wapi. Ongeza sarafu taratibu. Ikipinda nchani tu na kiuno kikagoma, ni ya kasi. Tao likishuka lote mpaka kwenye mpini, ni ya taratibu. Kisha pitisha kucha kwenye urefu wote ukitafuta mkwaruzo. Unajua kwa nini.

Na kibali. Ndani ya hifadhi, Murchison ikiwamo, uvuvi wa michezo unalipiwa kwa Mamlaka ya Wanyamapori. Tembea nacho.

Ningenunua ipi?

Kwa mtu mmoja, fimbo moja, Uganda: namba 8, futi tisa, vipande vinne, ya wastani inayoelekea kasi. Itakupa kisinja, ngassa na sangara wadogo wa kando ya ziwa, itastahimili upepo wa alasiri, na haitalala kwenye mita sita. Kwa ngege itakuwa ngumu kidogo, vumilia.

Kama unaelekea Murchison kwa sangara tu na umeshajua kurusha, ya kasi ya namba 10 bila kujiuliza, na mshipi wa 11 kwenye begi. Kama unaishi karibu na bwawa au kidimbwi cha samaki, unavua alfajiri kabla ya kazi, na hutaki kushindana na mtu, chukua ya taratibu ya namba 5 na uwaache wenye panga na panga zao. Anayeanza kabisa bila mwalimu naye namwelekeza huko huko, akiweza kuipata. Akiikosa, basi ya wastani, lakini asianze na ya kasi.

Na kabla hujalipa, irushe. Kuitikisa dukani hakutoshi. Mimi huwa kwenye uwanja wa mpira saa kumi jioni, upepo wa ziwa ukiwa umeamka, na fimbo zote mbili ziko kwenye nyasi kwa anayetaka kujaribu. Ukija na nzi wako, ikate ndoana kwanza uache manyoya tu. Watoto wa mtaa wanapenda kusimama nyuma.